Kati ya tochi na tochi: niliyojifunza barabara ya Arusha, Moshi hadi Same

Mwamshe usiku wa manane dereva yeyote wa njia ya Arusha–Moshi, muulize trafiki wanapenda kusimama wapi na tochi ya kupima mwendo. Atakutajia sehemu zote bila kukosea: mti gani, kona gani, ukuta wa duka gani. Dereva mpya akikabidhiwa gari, anayemwachia haanzi na habari za breki wala gia inayogoma. Anaanza na tochi. Ndiyo elimu ya kwanza ya njia yetu, na mimi niliipata nikiwa bado konda, kabla sijashika usukani wa kitu chochote.

Nimeendesha mabasi ya Arusha–Dar es Salaam kwa miaka mingi, na siku hizi naendesha Kosta kati ya Moshi na Arusha. Ninachotaka kusema hapa kinawaudhi wenzangu wengi pale stendi. Natamani barabara yetu iwekewe kamera zinazopima mwendo wa wastani, nguzo hadi nguzo, badala ya kutegemea tochi peke yake. Faini siipendi kama ambavyo hakuna dereva anayeipenda. Nasema hivi kwa sababu ya niliyoyaona.

Nianze na tochi, kwa wasioishi barabarani. Askari anaielekeza kwenye gari linalokuja, kifaa kinasoma mwendo na kupiga picha. Mara nyingi hakusimamishi yeye. Picha inarushwa kwa mwenzake aliye mbele, nawe unasimamishwa kilometa kadhaa baadaye, unaonyeshwa kwenye simu gari lako, namba zako, na pembeni yake 67 mahali pa 50. Hapo hakuna cha kubisha. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, unapewa namba ya malipo, na usipolipa deni linakaa kwenye mfumo linakusubiri. Kwa wengi wetu deni hilo tajiri, yaani mwenye gari, analikata kwenye posho.

Madereva nao wakatafuta dawa. Anayekuja akikuwashia taa mara mbili ujue wapo. Akitoa mkono dirishani na kuelekeza kidole chini, wapo karibu kabisa. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, na ujumbe wenyewe ni mfupi: "Boma wapo wawili", "Kikatiti kweupe". Nikiwa konda nilikaa kiti cha mbele kushoto, na kusoma ishara hizo ilikuwa nusu ya kazi yangu. Suka wangu, yaani dereva, alikuwa mzee wa Kibosho, mtu aliyeheshimika njia nzima. Tukikaribia sehemu ya tochi basi linainama pua, abiria wanasogea mbele kwenye viti vyao, mshale unashuka hadi 48. Tunapita kwa adabu, suka anampungia askari mkono, askari naye anajibu. Wakishabaki nyuma, mlio wa injini unabadilika. Sijahesabu nguzo kumi za umeme, mshale uko 90 na unaendelea kupanda, na mbele yetu ndiyo Kwa Sadala siku ya soko: kina mama wamepanga ndoo za nyanya hadi ukingo wa lami, bodaboda zinaingia barabarani bila kuangalia, watoto wamebeba mikungu ya ndizi vichwani wanasubiri kuvuka. Siku hiyo askari hayupo Kwa Sadala. Kwa hiyo hatupunguzi, tunapiga honi.

Mzee yule hakuwa dereva mbaya. Alistaafu hajamuua mtu. Lakini mguu wake ulikuwa umefundishwa kitu kimoja kwa miaka yote: polepole ni pale penye askari. Na ndivyo sisi sote tulivyofundishwa. Tochi inapima mita chache za lami. Kilometa zilizobaki zote, za vijiji na za pori, ni za dereva na roho yake.

Nikaja kupiga hesabu, nikiwa tayari suka. Arusha hadi Moshi ni kama kilometa 80. Ukienda kwa 80 bila kusimama ni saa moja. Ukienda kwa 100 ni dakika 48. Dakika kumi na mbili ndizo zote unazoshinda, tena kwenye karatasi tu. Barabarani huzipati. Njia nne za kutoka Sakina zinaishia Tengeru, kilometa 14 na kidogo tu, na kuanzia hapo ni njia mbili hadi Moshi, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Utakuta semi imejaa saruji, nyuma yake fuso la mahindi, nyuma yake magari madogo saba. Unapiga ovateki hatari, unarudi upande wako ukiwa umechomekea kati ya gari na gari, halafu unakuta foleni nyingine Usa River. Wale uliowapita Maji ya Chai unawaona kwenye kioo wakati mmesimama wote Kikatiti kusubiri wanafunzi wavuke.

Mwendo huo unachukua kitu kingine. Kwa 50, gari linakula mita 14 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22. Kwa 100 ni karibu 28. Mtoto akiteleza barabarani, sekunde ya kwanza yote inakwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Hizo mita 14 za ziada kati ya 50 na 100 ni zaidi ya urefu wa basi, na zinapotea ukiwa bado unashtuka.

Kuna kipindi kwenye mabasi ya mbali tulibanwa na ratiba. Basi lilitakiwa lisifike kituo cha ukaguzi mapema kupita kiasi, maana ukifika mapema umejishtaki mwenyewe kwamba ulikimbia. Wazo lilikuwa zuri. Lilikuwa ndilo lile la wastani, ila kwa saa na karatasi. Tatizo ni kwamba umbali kati ya kituo na kituo ulikuwa mrefu mno. Nilishuhudia mabasi yakikanyaga moto Mwanga hadi Hedaru, halafu yanaegeshwa chini ya mti nje ya mji, dereva anashuka kunawa uso, abiria wanauliza, "Suka, mbona tumesimama?" Anasubiri dakika zipite aingie kituoni kwa wakati. Pale nilijifunza kwamba kipimo cha wastani kina nguvu pale tu vipimo vinapokaribiana. Ukimwachia dereva kilometa mia mbili za kuficha mwendo wake, ataupatia mahali pa kujificha.

Halafu ikaja VTS. Kwa asiyejua, ni kifaa kinachofungwa kwenye basi na kuijulisha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, mahali lilipo na mwendo wake, safari nzima. Basi likivuka kiwango kinalia, na kinalia kwa sauti ambayo hata aliyelala siti ya nyuma anaisikia. Baadaye kikaongezwa kitufe cha utambuzi, kila dereva na chake, unakigusisha kabla ya kuondoka ili mfumo ujue nani yuko kwenye usukani. Tulilalamika sana. Nakumbuka safari za mwanzo, kifaa kinalia na bibi mmoja nyuma yangu anasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kitu kinakuita." Kijana wa siti ya pili naye anapiga kelele nikanyage kwa sababu ana usaili Dar. Nikawa katikati.

Lakini mwili ulibadilika, na hilo ndilo lililonifungua macho. Baada ya muda niligundua sikumbuki tena mara ya mwisho nilipokanyaga breki kwa sababu ya tochi. Nilifika sehemu zao nikiwa tayari kwenye mwendo wangu. Ovateki zilipungua, kwa sababu nikimpita mwenzangu anayekwenda 78 mimi siruhusiwi kuvuka 80, sasa nimpite ili iweje? Tulikuwa tunafuatana mabasi matatu, manne, toka Himo hadi Same, tumeachiana nafasi, kila mmoja anajua mwenzake hana cha kukimbilia. Nilifika Dar nikiwa sijachoka mabega. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza kwamba siku hizi nikirudi nyumbani naongea.

Ila mabasi hayako peke yake barabarani. Ukitoka Mwanga, ukapita Kisangara na Lembeni kuelekea Same, barabara inanyooka, milima ya Upare kushoto kwako, pori kulia, upepo unasukuma gari kwa ubavu. Pale mimi na mabasi yenzangu tuko kwenye 80, na magari madogo yanatupita kama tumeegesha, mengine yakikutana uso kwa uso na semi. Desemba ndiyo inatisha zaidi. Wachagga tunarudi nyumbani, nusu ya Dar es Salaam iko barabarani, kuna watu wanaoendesha safari ndefu mara moja tu kwa mwaka, wametoka usiku, wana watoto nyuma na mizigo juu, wanataka kufika Rombo au Marangu kabla ya giza. Kwa hao hakuna VTS. Kuna tochi, na tochi wanaijua kwa kuwashiwa taa.

Usiku nako ni habari nyingine. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, barabara hii hailali, na usiku hakuna mtu wa kusimama chini ya mti na tochi kila kilometa kumi.

Juni 28, 2025 basi na Kosta viligongana Sabasaba, wilayani Same, vikawaka moto, wakafa watu zaidi ya thelathini. Sisi wa Kosta tuliisikia habari ile kwa namna yetu. Kwa siku kadhaa pale stendi ya Moshi watu waliongea kwa sauti ya chini, na kila aliyekuwa anaondoka kuelekea Same alipewa mkono. Sitaki kuhukumu madereva wale, wamepumzika. Ninachojua kutokana na usukani wangu ni kwamba tairi linaweza kupasuka kwa yeyote, mnyama anaweza kukatiza mbele ya yeyote, na mwendo ulio nao sekunde ile ndio unaoamua kama una nafasi ya kulishika gari. Sekunde hiyo haikukuti pale penye tochi.

Habari ya kamera za wastani niliipata kwa shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mdogo. Wanaishi Perth, Scotland, naye anaendesha lori la vyakula kwenda Inverness. Walipokuja nyumbani kwa Krismasi nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa KIA. Tukashika barabara kuu kuelekea Moshi, tukavuka Boma Ng'ombe, tunakaribia korongo la Kikafu, mimi nikapunguza ghafla kama ilivyo desturi, maana kuna sehemu ya tochi.

"Shem, umeona nini?" akauliza.

"Huwa wanakaa hapo."

"Leo wapo?"

"Hawapo."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nina miaka sijafanya hivyo. Kule hakuna faida ya kukanyaga breki. Ukishapita nguzo ya kwanza hesabu imeshaanza."

Njia yote iliyobaki alikuwa ananieleza, na nyumbani baada ya chakula nikamfanya aanze upya, kwa sababu nilitaka kuelewa mtambo wenyewe. Barabara yake inaitwa A9. Kamera zake za wastani ziliwashwa Oktoba 28, 2014, kutoka Dunblane hadi Inverness, kama kilometa 220. Ni barabara ya milimani, na kama yetu sehemu nyingi ni njia mbili tu, sehemu nyingine ni nne, zinabadilishana. Nguzo ni za njano, zinaonekana kutoka mbali, hakuna anayejificha. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika saa, dakika na sekunde. Ya pili inasoma namba hiyohiyo. Umbali kati ya nguzo na nguzo umeshapimwa, kwa hiyo mashine inagawanya tu. Nguzo zikiwa na kilometa kumi kati yake, anayekwenda 80 atatumia dakika saba na nusu. Ukizimaliza kwa dakika sita, ulikuwa kwenye 100, na huna cha kujitetea kwamba ulipunguza mbele ya kamera.

Nilimuuliza madereva walipokeaje. Akasema walipinga, tena sana. Kulikuwa na kampeni, watu wakisema dawa ni kupanua barabara, kwamba kamera zitawafanya watu watazame mshale badala ya kutazama mbele, kwamba foleni nyuma ya malori zitakuwa ndefu na watu watakosa uvumilivu. Hoja hiyo ya malori wenyewe waliifanyia kazi. Malori makubwa kule yalikuwa hayaruhusiwi kuvuka maili 40 kwa saa kwenye sehemu za njia mbili, ambayo ni kama kilometa 64, wakati magari madogo yanaruhusiwa maili 60. Pengo hilo ndilo lililokuwa likizaa ovateki za kukata tamaa. Siku ileile kamera zilipowashwa, malori kati ya Perth na Inverness yakapandishiwa kiwango hadi maili 50, yaani kilometa 80. Hilo lilinigusa. Waliotunga utaratibu walikumbuka kwamba dereva wa gari dogo hapandwi na wazimu hivihivi, kuna kitu mbele yake kinachompandisha.

Takwimu za serikali yao zilionyesha baada ya hapo magari yanayovuka kiwango yameshuka kutoka karibu moja kati ya matatu hadi moja kati ya kumi na tano, na waliokufa na kuumia vibaya wamepungua. Shemeji yeye alinieleza kwa lugha ya kazi. Alisema kilichobadilika ni nyuma yake. Zamani alikuwa anaangalia kioo kuliko anavyoangalia mbele, maana wakati wowote mtu anachomoka. Sasa magari yanakaa nyuma yake kwa mstari, mengine yamewekewa mwendo maalumu, hakuna anayemsukuma. Mabaya yake pia alinitajia. Usingizi unakuja kirahisi ukienda mwendo mmoja saa nzima. Wapo wanaokimbia halafu wanasimama kunywa chai kati ya nguzo na nguzo ili hesabu ikae sawa. Na upanuzi ambao serikali iliahidi kuumaliza mwaka 2025 umesogezwa hadi 2035, kwa hiyo wapo wanaosema kamera zimetumika kuwanyamazisha.

Hapo nilimjibu kwamba na sisi tunasubiri njia nne za Tengeru hadi Moshi, na daraja jipya la Kikafu, na kwamba kusubiri lami si sababu ya kuendelea kuzika.

Tangu siku ile nimekuwa naendesha nikijiuliza nguzo zingekaa wapi. Na nimeona mambo ambayo yakipuuzwa, kamera hizi zitaletwa na kuchukiwa bure.

La kwanza ni vibao vya 50. Kila dereva wa Tanzania ana kidonda hiki. Kibao cha kuanza 50 kipo, cha kumaliza kimeng'olewa, au kimefunikwa na majani, au hakikuwahi kuwekwa. Unatembea kwa 50 porini hujui umeshatoka kijijini au la, na ukiongeza unapigwa tochi unaambiwa bado. Kamera ya wastani haiwezi kufanya haki kwenye barabara ambayo haisemi wazi wapi ni 50 na wapi ni 80. Sehemu ya kijiji ipimwe peke yake, nguzo moja mwanzo wa nyumba na nyingine mwisho wa nyumba. Sehemu ya wazi nayo ipimwe peke yake. Ukichanganya zote pamoja unarudi kwenye kosa la ratiba: mtu atapita Boma Ng'ombe kwa 90, alipe kwa kutambaa porini. Na mwenye mtoto anayevuka Boma hafaidiki chochote na wastani huo.

La pili linahusu gari langu mwenyewe. Kosta ya Moshi–Arusha haiwezi kukamatwa na kamera ya wastani hata ikienda vibaya. Tunasimama kila mahali. Nashusha abiria Kwa Sadala, napakia Boma, nashusha Kikatiti, mama ana magunia mawili ya kuteremsha, dakika tatu. Katikati ya vituo hivyo ninaweza kukanyaga 110 na nguzo zikasema nilikuwa na wastani wa 55. Nimelisema hili waziwazi mbele ya wenzangu kwa sababu wapo wanaodhani kamera zikija basi tuondolewe vifaa vingine. Hapana. Kwa magari ya kusimama-simama kinachofaa ni kile kinachoona mwendo wote, kama VTS. Kamera ya wastani ni ya wale wanaopita moja kwa moja: magari madogo, semi, fuso, magari ya watalii yanayowahi ndege. Kila chombo kipimwe kwa kinachokifaa. Na tochi isifutwe. Bado inafaa shuleni na sokoni, mahali ambapo hatari iko palepale.

Namba nazo. Mvua ikinyesha, magari yanayotoka shamba yanapanda lami yakiwa na udongo hadi kwenye taa, namba haisomeki hata na mtu aliyesimama mita mbili. Bodaboda zina namba nyuma tu. Hayo si mambo ya kuishinda nchi, ila yaangaliwe kabla ya kusimamisha nguzo.

Kinachowauma zaidi madereva, na mimi nakubaliana nao, ni swali la nani analipa. Kamera inasoma namba ya gari, haisomi uso. Kule kwa shemeji barua inatakiwa kumfikia mwenye gari ndani ya siku 14, naye anatakiwa kusema nani aliendesha. Huku kwetu gari la biashara linaweza kushikwa na madereva wawili au watatu kwa wiki, yupo na deiwaka wa siku moja. Deni likitokea mwezi baadaye, atakatwa aliye karibu na tajiri siku hiyo. Nimeona kijana akikatwa posho kwa kosa la siku aliyokuwa msibani, na hakuwa na pa kulisemea. Kitufe cha utambuzi kilichopo kwenye mabasi kingeweza kumaliza ugomvi huu, kama kingeunganishwa na kamera na kama kingefika hadi kwenye Kosta na malori. Taarifa imfikie dereva kwenye simu yake siku hiyohiyo, akiwa bado anakumbuka safari, wala isisubiriwe hadi gari likaguliwe.

Siku moja pale stendi, wakati tunasubiri zamu, nililieleza hili kwa kirefu. Kijana mmoja ambaye hana hata miaka miwili kwenye usukani aliniachia nimalize, kisha akauliza, "Sawa kaka. Wakiweka kamera hizo, tajiri atapunguza hesabu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa, maana hesabu ndiyo inayokanyaga mafuta. Tajiri anataka kiasi fulani kila jioni, mafuta ni yako, faini ni yako, kinachobaki ndicho cha nyumbani. Ukienda tripu tatu hujafikisha. Ukienda nne umefikisha na una cha watoto. Tripu ya nne tunaitafuta kwenye zile dakika kumi na mbili, kila safari, kwenda na kurudi. Kwa hiyo unaposikia Kosta inavuma ikipita mbele ya nyumba yako, usidhani ni ujana tu. Kuna mtu anatafuta tripu ya nne.

Nikamjibu ninavyoamini: leo mmoja wetu akipunguza mwendo peke yake, anapoteza abiria kwa mwenzake anayekimbia, na tajiri atampa gari huyo anayekimbia. Lakini tukiwekwa wote chini ya vipimo visivyolala, iwe kamera au VTS, hakuna atakayemzidi mwenzake kwa kukanyaga. Abiria watagawanyika kwa zamu, tripu zitakuwa zilezile kwa kila gari, na hapo tajiri hana wa kumlinganisha nawe. Mabasi makubwa yameshapitia hilo. Hakuna tajiri wa basi la Dar leo anayemuuliza dereva wake kwa nini hakuwahi kuliko fulani, kwa sababu anajua fulani naye analia akivuka 80.

Nimempelekea tajiri wangu maneno hayohayo. Ni mtu msikivu, naye aliwahi kuendesha. Alisema akiona wote wamefungwa, Kosta, hiace na hayo magari madogo, hesabu ataizungumza upya. Wakifungwa nusu, hapana, hawezi kula hasara peke yake. Sikumlaumu. Nimemwomba aje aseme hivyohivyo mbele ya matajiri wenzake kwenye kikao chao, na amekubali kwa sharti kwamba nisimame naye, nieleze mwenyewe jinsi kamera ya nguzo hadi nguzo inavyofanya kazi.